Kusafisha na kubadilisha injekta za lori la zamani: mwongozo kutoka gereji ya Kigoma

Lori likitoka Uvinza na mzigo wa chumvi, likafika kilimani likaanza kumwaga moshi mweusi na kuishiwa nguvu, neno la kwanza la dereva ni "noza zimekufa." La pili ni la tajiri kwenye simu: "Nunua mpya, funga, gari iondoke." Nimeifanya kazi hii miaka mingi hapa Kigoma, na nasema kwa uhakika kwamba mara nyingi noza hazijafa. Zimechafuka, au zimepata maji, au ubovu uko kwingine kabisa. Na zile zilizokufa kweli zimeuawa na kitu ambacho bado kimo ndani ya tangi, kinazisubiri hizo mpya.

Mwongozo huu ni wa injini za zamani zenye pampu ndefu ya pembeni, ile inayotoa paipu moja ya chuma kwenda kila silinda. Ndizo injini za Fuso zenye 6D14 na 6D16, Isuzu zenye 6BD1, Mercedes zenye OM352 na Scania za miaka hiyo. Kama lori lako ni la komoni reli, lenye injekta zilizofungwa waya wa umeme kichwani, usifuate maelezo haya. Humo presha hufika bar 1,000 na kuzidi, na kulegeza nati wakati injini inawaka kunaweza kukutoa uhai.

Jambo moja la majina kabla ya kuendelea. Gereji zetu zinaita "noza" kitu kizima kinachofungwa kwenye silinda hedi kupulizia dizeli ndani ya silinda. Hapa nitaita kitu kizima injekta, na noza itakuwa ile ncha yake tu yenye matundu, ambayo ndani yake mna sindano. Tofauti hii ina maana dukani, kwa sababu mara nyingi kinachohitajika kununuliwa ni ncha na si injekta nzima.

Kwanza hakikisha ni injekta kweli

Usishike spana kabla hujaangalia vitu vinne. Filta ya dizeli ilibadilishwa lini? Ukifungua koki ya chini ya chujio la maji, kinatoka nini? Paipu ya kunyonya kutoka kwenye tangi ina nati iliyolegea au mpira uliopasuka unaoingiza hewa? Na klina ya hewa je? Barabara zetu za vumbi kati ya Juni na Septemba huziba klina ndani ya safari chache, na injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi uleule unaosingiziwa noza. Nimeshuhudia injekta sita zikifunguliwa siku nzima, na mwisho wa siku klina ikapigwa upepo, moshi ukaisha.

Angalia rangi ya moshi. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, au dizeli inayoingia kwa matone badala ya ukungu. Mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua: injekta inavuja, taimingi (saa ya kupuliza mafuta) imechelewa, au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imeshuka. Wa bluu ni oili, na hapo ziache injekta salama, uende kwenye ringi na valvu.

Sasa tafuta silinda yenye kosa. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, iwashe na uiache sailensi, yaani iungurume bila mguu kwenye mafuta. Baada ya dakika mbili hivi nyunyizia matone ya maji kwenye manifoldi ya ekzosi, mbele ya kila silinda. Penye silinda inayofanya kazi tone hukauka upesi. Penye silinda iliyolala tone hukaa.

Kisha thibitisha kwa spana. Vaa miwani. Injini ikiwa sailensi, legeza nati ya paipu kwenye injekta ya kwanza, nusu mzunguko tu, mpaka dizeli ichuruzike. Usiweke kidole juu yake. Shika kitambaa kando kupokea mafuta yasifikie ekzosi iliyo moto. Injini ikiyumba na sauti ikabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Ukilegeza na injini isijali kabisa, umeikuta. Na ukilegeza halafu mlio wa kugonga au moshi ukapotea papo hapo, basi injekta hiyo inamwaga mafuta vibaya.

Lakini silinda kulala hakumaanishi injekta ndiyo mbovu. Pengine valvu haifungi, au ringi zimekwisha. Njia rahisi ya kupata ukweli ni kubadilishana: toa injekta ya silinda inayoshukiwa, iweke kwenye silinda nzima, na ile nzima iweke huku. Kosa likihama na injekta, umepata mwizi wako. Likibaki palepale, funga kila kitu, ukapime kompresheni.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu injekta inayovuja haimalizi dizeli tu. Matone yake huosha oili kwenye ukuta wa silinda, ringi na laina zinasuguana zikiwa kavu. Mafuta mengine huteremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na ukichomoa dipstiki unakuta oili "imeongezeka" na inanuka dizeli. Na ikiendelea, tone linaloungua juu ya pistoni mahali pamoja hutoboa pistoni. Kwa hiyo kosa likionekana, lori lisimame. Lisipakiwe safari moja ya mwisho.

Vifaa

Spana nzuri za 17 na 19 kwa nati za paipu, soketi za bolti za klampu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), vaisi yenye vizuizi laini vya alumini, brashi yenye nyuzi za shaba ya njano, upepo wa kompresa, beseni safi, dizeli safi iliyochujwa, na vikombe vidogo kama idadi ya injekta zako. Nunua washa (pete bapa za kuziba) mpya za kopa za chini ya injekta na zile za paipu za kurudisha mafuta kabla hujafungua chochote. Tafuta pia vifuniko vya plastiki vya kuziba ncha za paipu. Ukivikosa, mifuko safi ya nailoni na mpira wa kufungia vinatosha. Usizibe kwa tambara wala pamba. Uzi mmoja wa pamba unatosha kuziba tundu ambalo upana wake ni robo ya milimita.

Kusafisha kabla ya kufungua

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na ndipo ninapowachosha wanafunzi wangu kwa maneno. Lori lililotoka Kibondo au Kaliua limebeba udongo mwekundu kila mahali, na umejikusanya hasa kwenye vile visima vidogo ambamo injekta zimesimama. Ukichomoa injekta kabla ya kuuondoa, udongo huo unaanguka moja kwa moja juu ya pistoni.

Osha sehemu yote ya juu kwa brashi na dizeli. Futa. Halafu puliza kwa upepo kuzunguka kila injekta na kila nati, ukianzia katikati ya injini kwenda nje. Rudia mara ya pili. Kama gereji yako ni ya chini ya mwembe, kama zilivyo nyingi, mwagia maji ardhi inayokuzunguka ili vumbi lilale, na usifanye kazi hii mchana upepo wa ziwa ukiwa mkali. Asubuhi mapema ndiyo saa yake.

Kuzitoa

Ondoa kwanza vishikizo vinavyofunga paipu za chuma pamoja. Weka kumbukumbu ya mahali pa kila kimoja, kwa sababu vitarudi vyote. Mafundi wengi huviacha kwenye ndoo wakidhani ni mapambo. Paipu isiyo na kishikizo hutetemeka mpaka inapasuka, tena porini usiku.

Legeza paipu pande zote mbili, kwenye pampu na kwenye injekta. Upande wa injekta shika mwili wake kwa spana ya pili ili usijizungushe. Usipinde paipu kuipisha. Itoe nzima, iweke kando kwa namba yake, izibe ncha zote mbili. Ziba pia midomo ya pampu. Paipu hizi zina urefu na unene uliopimwa, kwa hiyo iliyotoka silinda ya tatu irudi silinda ya tatu.

Toa paipu ndogo za kurudisha mafuta pamoja na washa zake. Fungua klampu au bolti za injekta kidogokidogo, upande huu kisha ule. Kwenye baadhi ya injini injekta hufungwa kwa nati yake yenyewe, na hapo utahitaji soketi ndefu.

Injekta iliyokaa miaka mingi haitoki kwa kubembelezwa mara moja. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu kuizunguka, uiache usiku kucha. Asubuhi izungushe kushoto na kulia kwa spana, taratibu, mpaka ianze kucheza, ndipo uivute. Ikigoma, tumia kivutio chenye nyundo ya kuteleza. Usiichokonoe kwa bisibisi kubwa ukiegemea kwenye hedi, na usiipashe kwa moto wa gesi. Kuna injini ambazo injekta imekaa ndani ya slivu, yaani bomba fupi, inayozungukwa na maji ya radieta. Slivu hiyo ikitoka pamoja na injekta, maji yanaingia kwenye silinda. Kwenye injini za namna hiyo punguza maji ya radieta kabla ya kuvuta.

Sasa chungulia kwa tochi ndani ya tundu: washa ya kopa imetoka na injekta au imebaki chini? Usipite hatua hii bila jibu la uhakika. Ikibaki, chonga kijiti chembamba cha mti mgumu chenye ncha ya mviringo, kikandamize ndani ya washa, uinue. Waya wenye kulabu nao hufaa. Injini nyingi nilizofungua baada ya fundi mwingine zilikuwa na washa mbili, ya zamani chini na mpya juu. Noza ikiinuka kwa unene wa washa moja zaidi, mafuta hayapigi tena kwenye bakuli la pistoni bali kwenye ukingo wake, na moshi hauishi hata ukinunua noza za aina gani.

Panga injekta kwenye ubao uliotobolewa matundu yenye namba. Funika matundu ya hedi mara moja.

Kusoma kilichotoka

Kabla ya kuosha, ziangalie. Noza yenye masizi makavu na membamba ni ya kawaida. Iliyolowa na yenye kaboni iliyovimba kama uyoga inavuja. Iliyobadilika rangi ikawa ya bluu imepikwa: mara nyingi washa haikuziba vizuri na moto wa silinda ukapanda pembeni. Ukiona kutu, maji yamepita humo. Injekta moja kati ya sita ikiwa na hali tofauti na wenzake, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Kuzipima kwenye testa

Testa ya noza ni pampu ndogo ya mkono yenye geji. Kama huna, zipeleke zote kwa fundi pampu mwenye nayo. Kuzisafisha bila kuzipima ni kubahatisha, na gharama ya kupima ni ndogo sana ukilinganisha na seti moja ya noza.

Sikiliza onyo hili vizuri. Ukungu unaotoka kwenye noza hupenya ngozi. Kidole kikipigwa, kinaonekana kama kimechomwa na sindano tu, hakiumi sana, na mtu anaendelea na kazi. Ndani, dizeli inakwenda ikiua nyama. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ileile na amwambie daktari kwamba ni dizeli ya presha kubwa, hata kama tundu halionekani vizuri. Kucheleweshwa kunaweza kugharimu kidole au mkono. Na kwa kuwa ukungu huo huwaka kwa cheche ndogo, pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu.

Unapima mambo matatu. La kwanza ni presha ya kufunguka. Bonyeza mkono wa testa taratibu, uone sindano ya geji inaporuka. Kwenye injini nyingi za umri huu kipimo kiko kati ya bar 180 na 250, lakini namba kamili ni ya kitabu cha injini yako. Usichukue ya Isuzu ukaiweka kwenye Fuso. Springi huchoka, kwa hiyo injekta ya zamani kwa kawaida hufunguka chini ya kipimo. Zote sita zinatakiwa ziwe karibu sana, maana tofauti kati yao ndiyo inayoifanya injini itetemeke ikiwa sailensi.

La pili ni mvujo. Shikilia presha iwe bar 10 hadi 20 chini ya ile ya kufunguka, uhesabu sekunde kumi. Ncha isitone. Ikilowa kidogo tu bila tone kuanguka, bado ina kazi ndani yake.

La tatu ni umbo la ukungu na sauti. Kila tundu litoe mshale wake wa ukungu, unaolingana na mingine, na ukome ghafla bila kudondosha tone la mwisho. Noza nzima hulia, sauti ya kukereza, unapobonyeza mkono wa testa. Isiyolia na inayokojoa mstari mmoja kama bomba imekwama au imekwisha.

Kufungua na kuosha

Fungua injekta moja, imalize, ifunge, ndipo ushike ya pili. Sindano na noza yake vimesagwa pamoja kiwandani, pacha kwa pacha. Sindano ya hii haiingii kwenye noza ya ile. Ukichanganya sindano mbili tu, umeharibu noza mbili.

Funga injekta kwenye vaisi kichwa chini, legeza nati inayoshikilia noza. Toa noza, kipande cha kati, springi na shimu (kipande chembamba cha chuma kinachobana springi), ukiviweka kwa mpangilio ndani ya kikombe chenye dizeli safi. Sindano ikikataa kutoka, loweka noza nzima usiku kucha badala ya kuivuta kwa koleo la meno.

Kaboni ya nje iondoe kwa brashi ya shaba ya njano. Ya ndani, kwenye kikalio cha sindano, iondoe kwa kijiti cha mti laini kilicholowa dizeli. Msasa marufuku. Brashi ya chuma marufuku. Dawa ya kusagia valvu ndiyo marufuku kuliko zote: inakula uso uliosagwa wa sindano na baada ya hapo haizibi tena maisha.

Matundu ya noza yana vipenyo vidogo, mengi kati ya milimita 0.2 na 0.35, na kuna waya maalumu za kuyasafishia zenye vipimo hivyo. Nimeona vijana wakichomoa uzi mmoja kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli na kuutumia. Uzi huo ni mgumu kuliko unavyodhani. Unapanua tundu, unalifanya mviringo wa yai, na kuanzia siku hiyo silinda hiyo inapewa mafuta mengi kuliko wenzake. Ukikosa waya sahihi, loweka kwenye dawa ya kusafishia kaboni, puliza kwa upepo kutoka nje kwenda ndani, rudia. Uvumilivu unafungua matundu mengi kuliko waya.

Baada ya kuosha, fanya jaribio dogo ninalolipenda kuliko yote. Chovya sindano kwenye dizeli safi, iingize kwenye noza, simamisha noza wima, vuta sindano juu theluthi moja ya urefu wake, iachie. Ishuke yenyewe kwa uzito wake mpaka chini, polepole na bila kukwama. Izungushe kidogo, rudia. Ikikwama kila mahali, osha tena. Ikikwama mahali palepale kila mara, kuna mkwaruzo, na noza hiyo imekwisha.

Fungisha vikiwa vimelowa dizeli. Usipake grisi. Kaza nati kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu, kwa sababu nati iliyokazwa kupita kiasi hubana noza na sindano inakwama tena. Rudisha kwenye testa. Presha ikiwa chini, ongeza shimu: kwenye springi nyingi unene wa milimita 0.05 huipandisha kwa bar 5 hadi 7 hivi. Ukiweka springi mpya, panga juu kidogo ya kipimo, maana italegea baada ya siku za kwanza za kazi.

Wakati wa kununua mpya

Noza inayotona baada ya kuoshwa mara mbili, yenye ncha ya bluu, yenye sindano iliyokwaruzwa au matundu yaliyopanuka, ibadilishe. Ikiwa nne kati ya sita zimekwisha, badilisha ncha zote sita ili zichoke pamoja. Lakini kama ni moja tu na tano zimepita testa, nunua moja. Simwelewi fundi anayemwambia tajiri anunue seti nzima bila kumwonyesha geji.

Nenda dukani na noza ya zamani mkononi, usome namba iliyochongwa juu yake. Nyingi huanza na DLLA, na tarakimu zinazofuata ni pembe ya ukungu kwa digrii. DLLA 150 hutawanya mafuta kwa digrii 150. Noza yenye pembe nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye injekta yako, gari likawaka, na mafuta yakawa yanapiga mahali pasipo pake kila mzunguko. Neno "ni ya Fuso hiyo, chukua tu" halitoshi. Namba ilingane herufi kwa herufi. Na noza mpya huja imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yaoshe, halafu uipime kwenye testa kama ya zamani. Mpya nazo huwa mbovu.

Kuzirudisha

Safisha kikalio cha injekta ndani ya hedi, pale washa inapokaa. Kaboni kidogo tu hapo inailaza injekta upande. Kabla ya kukwangua, ingiza kizibo cha kitambaa chenye grisi kwenye tundu dogo la chini ili uchafu unase humo, kisha kitoe kwa uangalifu. Wengine huvuta mkono wa kuzimia injini na kupiga stata mara moja fupi ili kompresheni iteme masizi. Inafaa, mradi wote wasimame mbali na kuvaa miwani.

Washa moja mpya kwa kila injekta, unene uleule wa awali. Ukikosa mpya kabisa, kopa ya zamani iliyo bado nzima inaweza kulainishwa: ipashe mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue ing'ae. Kopa iliyotumika huwa ngumu na haijazi mikwaruzo, moto ndio unaorudisha ulaini wake. Ila nasema wazi, mpya ni bora.

Ingiza injekta wima, bila kugonga. Kaza bolti mbili za klampu kwa zamu, kidogo huku kidogo huku, mpaka kipimo. Shika paipu za chuma kwa vidole mpaka nyuzi zikubali, pande zote mbili, ndipo utumie spana. Nati ya paipu isiyoingia kwa vidole imekaa mshazari, usiilazimishe. Rudisha paipu za kurudisha na washa zake mpya, na vile vishikizo vyote.

Kutoa hewa

Weka filta mpya. Usiijaze kwa kumimina dizeli ya kidumu, kwa sababu unayomimina katikati yake haichujwi tena, inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ijaze kwa pampu ya mkono iliyo pembeni ya injini: legeza skrubu ya juu ya filta, pampu mpaka mapovu yaishe, kaza ukiwa bado unapampu. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu.

Kisha acha nati zote sita zikiwa zimelegea upande wa injekta, mguu wa mafuta ukiwa chini kabisa, mwenzako apige stata. Isizidi sekunde 15, halafu pumzisha dakika nzima, la sivyo unachoma stata na kuua betri. Dizeli ikitoka kwa mipigo bila povu, kaza moja baada ya nyingine. Injini itaanza kugugumia baada ya mbili tatu kukazwa.

Ikishawaka, tafuta mvujo kwa kupitisha kipande cha boksi kwenye nati, kamwe si mkono. Mwagia dizeli kidogo kwenye kisima cha kila injekta: mapovu yakipanda, washa haijaziba na kompresheni inatoka. Zima, toa, angalia kikalio. Kukaza zaidi hakutatibu.

Mafuta yenyewe

Sasa lile tangi. Kama hukulifungua, hujamaliza kazi. Toa koki ya chini, mwaga mpaka itoke dizeli tupu. Kwenye lori linalosimama siku nyingi Kibirizi likisubiri dagaa, tangi likiwa nusu, unyevu wa usiku hugeuka maji ndani yake. Dereva ajaze jioni, si asubuhi, na afungue koki ya chujio la maji kila siku kabla ya kuwasha.

Kwenye njia ndefu za vijijini watu hununua dizeli ya madumu. Nikiwa na uchaguzi sinunui. Nikikosa, naiacha dumu itulie usiku kucha, nanyonya ya juu na kuacha vidole vinne vya chini, na naipitisha kwenye kitambaa kizito safi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya kwa njia nyingine: haina ulainisho wa kutosha, na sindano na plenja za pampu, yaani vipistoni vyake vidogo, zinategemea dizeli yenyewe kuzilainisha. Hakuna oili nyingine humo.

Mwishoni mwaga oili ya injini kama ilikuwa imechanganyika na dizeli, weka mpya na filta yake. Pakia mzigo wa kawaida, ulijaribu lori kwenye barabara ya Kasulu, inayopanda kutoka usawa wa ziwa, mita 770 hivi, kwenda nyanda za Buha. Moshi mwepesi kwenye gia nzito ukiwa na mzigo ni wa kawaida. Mweusi wa kufunika barabara si wa kawaida. Ukifika Kasulu, simama, acha injini ipoe, kagua nati zote sita na bolti za klampu kwa toki renchi, na uchomoe dipstiki uinuse.